M83 juu ya Kondoa: niliyojifunza nikiitafuta galaksi kwa macho yangu

Mwezi Mei na Juni, kwa sisi tunaoishi kusini ya Ikweta, galaksi ya M83, mfumo wa mabilioni ya nyota ulio mbali nje ya wetu, hupanda juu sana angani saa ambazo watu hata hawajalala. Huku bara mvua zinakuwa zimekata, upepo wa vumbi haujachachamaa, na moshi wa kuchoma mashamba bado haujatanda. Ulaya, ambako vitabu vingi vya mwongozo huandikwa, galaksi hiyo hiyo hutambaa karibu na upeo wa macho, ndani ya ukungu na mwanga wa miji. Jambo hilo moja lilinichelewesha sana, na sitaki mtu mwingine wa huku akate tamaa kwa kushika mwongozo ulioandikiwa anga la wengine.

Mimi ni mwalimu wa fizikia Dodoma. Tukifika mada ya astronomia, kidato cha nne, nilikuwa nabandika picha za galaksi ubaoni, nataja aina zake, tunaendelea. Siku moja binti mmoja akauliza, "Mwalimu, wewe umeshawahi kuiona?" Nikamjibu kwamba ule ukanda mweupe wa usiku, Njia Nyeupe, ndiyo galaksi yetu tukiitazama kutoka ndani. "Hiyo najua, mwalimu. Nauliza nyingine." Sikuwa na jibu, na nilitamani sana kuwa nalo.

Nilichagua M83 baada ya kusoma. Andromeda iko karibu zaidi na ni kubwa, lakini imetulalia ubavu, hivyo mikono yake ni migumu kuitenga kwa jicho. M83 imetugeuzia karibu uso wake wote. Ni galaksi ya spirali yenye kiini king'avu, mhimili (ukanda mnyoofu wa nyota) unaokatiza katikati, na mikono mikubwa inayoanzia kwenye ncha za mhimili huo na kujizungusha kuelekea nje. Umbali wake ni takriban miaka ya nuru milioni 15, yaani mwanga wake husafiri miaka milioni 15 hadi kutufikia. Wanaastronomia waliopima umbali huo walitumia darubini kubwa za VLT kule Paranal, Chile, wakafuatilia nyota za aina ya Sefeidi ndani ya galaksi hiyo. Nyota hizo hung'aa na kufifia kwa mpigo, na urefu wa mpigo hueleza nyota ina mwanga kiasi gani hasa. Ukijua mwanga wake halisi na ukapima unaotufikia, umbali unapatikana kwa hesabu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Mwanga tunaouona leo ulipoondoka huko, Mlima Kilimanjaro ulikuwa bado haujazaliwa.

Kuhusu fedha nitasema wazi, maana ndipo wengi wanapoumia. Mwenzangu mmoja kazini aliagiza mtandaoni darubini ya rangi nzuri, imeandikwa kwenye boksi kwamba inakuza mara 525. Miguu yake ilikuwa myembamba, ukiigusa picha inatikisika mpaka uchoke, na lenzi zake za kukuza sana zilionyesha giza tupu. Mwezi aliuona, lakini galaksi hakuiona. Idadi ya kukuza si kipimo cha darubini. Kinachohesabika ni upana wa kioo au lenzi inayokusanya mwanga, na uimara wa kitu kinachoibeba.

Mimi nilinunua darubini ya Dobson, aina ya kioo inayokaa kwenye kitako imara badala ya miguu mitatu, yenye kioo cha inchi 6, iliyokwisha tumika, kutoka kwa mgeni aliyekuwa akimaliza mkataba na kurudi kwao. Nilitoa shilingi laki saba na nusu. Mke wangu alisema, na alikuwa na haki, kwamba hela hiyo ingepaua jiko. Tulizungumza siku kadhaa kabla sijatoa hata senti, na nashauri kila mwenye familia afanye hivyo. Ukiagiza mpya kutoka nje, uliza kwanza gharama ya usafiri na ushuru, maana kwa mzigo mkubwa kama huo jumla inaweza kukaribia mara mbili ya bei uliyoiona dukani.

Lakini kama huna kiasi hicho, usisubiri. Darubini ya macho mawili iliyoandikwa 7x50 au 10x50, ile wanayotumia watalii na mabaharia, inatosha kuiona M83 mahali penye giza. Sisemi hivi kukufariji. Mtu wa kwanza anayejulikana kuiandika galaksi hii alikuwa Mfaransa Nicolas-Louis de Lacaille, na aliiona tarehe 23 Februari 1752 akiwa Rasi ya Tumaini Jema, pale Cape Town. Chombo alichopimia anga la kusini kilikuwa na lenzi yenye upana wa takriban nusu inchi na kilikuza mara 8 tu. Binokula yoyote ya kawaida inakusanya mwanga zaidi ya kile. Yeye alikuwa na giza la karne ya 18, anga la kusini juu yake, na subira. Giza unaweza kulifuata kwa basi, na anga tayari unalo.

Dodoma mjini haifai tena. Tangu serikali ihamie, taa za barabarani na za majengo zimeongezeka mno, na upande wa kusini wa mji mwanga unapanda juu. Mke wangu ana mjomba wake wilaya ya Kondoa, kijiji kilicho kando ya barabara kuu, na yeye ndiye aliyetukaribisha. Hata huko umeme umefika, kwa hiyo nyumba nyingi zina taa ya usalama mlangoni. Usitegemee kwamba kijijini ni giza kwa sababu tu ni kijijini. Nenda mchana, zunguka, tafuta mahali ambapo ukuta, ghala au kichuguu kitakukinga na taa za majirani. Ukuta huo huo utakukinga na upepo, na upepo wa Juni Kondoa ni mkali na wa baridi. Vaa koti, soksi nzito na viatu vya kufunika, kwa sababu ya baridi na kwa sababu ya nge.

Jambo ambalo hakuna kitabu kilichonieleza ni la kuaga. Mtu mgeni, usiku wa manane, na bomba refu jeusi lililoelekezwa juu: wengine watadhani unapima madini, wengine watadhani unatafuta rupia za Wajerumani, na wapo watakaodhani mabaya zaidi. Mjomba alinipeleka kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, kisha kwa mtendaji. Niliwaonyesha darubini mchana, nikaitoa lenzi wakaishika, nikawakaribisha waje usiku na watoto wao. Iliniongezea nusu siku, na baada ya hapo sungusungu walikuwa wakipita wananisalimia. Usilikwepe hili. Kama unakwenda peke yako mahali usipofahamika, usiende kabisa mpaka uwe na mwenyeji.

Usiku wa kuchagua ni ule usio na mwezi. Msaada wangu hapa ulikuwa kalenda ya Hijria iliyobandikwa ukutani kwa mjomba. Siku za mwisho za mwezi mwandamo na zile chache za mwanzo ndizo zako. Kuanzia tarehe 7 au 8 mbalamwezi inaharibu kila kitu jioni, na tarehe 14 usihangaike kutoka. Wa Kondoa na wa pwani mnaijua hesabu hii bila kufundishwa.

Sasa, kuitafuta. Mwongozo niliokuwa nao ulisema nitazame chini, kusini, juu kidogo ya upeo. Nilitazama huko usiku kadhaa. Ilinipasa kupiga hesabu mwenyewe ndipo nikaelewa: M83 iko karibu nyuzi 30 kusini mwa ikweta ya anga, yaani mstari wa angani ulio juu ya Ikweta ya dunia, na Kondoa iko karibu nyuzi 5 kusini mwa Ikweta ya dunia, kwa hiyo galaksi inapofika kileleni inakuwa nyuzi 65 kutoka upeo wa macho. Paris, alikoitazama mwanaastronomia Charles Messier mwaka 1781 alipoiingiza kwenye orodha yake kama namba 83, haifiki zaidi ya nyuzi 11. Yeye aliipata kwa taabu kubwa. Sisi tunainua shingo tu. Ukitumia Stellarium, programu ya ramani ya anga, kwenye simu, hakikisha umeweka mahali ulipo, la sivyo itakuonyesha anga la mtu mwingine.

Katikati ya Juni, karibu saa 3 usiku, simama ukielekea kusini na utazame juu kabisa. Nyota nyeupe yenye weupe wa samawati iliyo karibu na utosi ni Sumbula, ambayo ramani za kigeni huiandika Spica. Usiichanganye na Arcturus, yenye rangi ya machungwa, iliyo nyuma yako upande wa kaskazini. Nyoosha mkono, kunja ngumi: upana wake ni karibu nyuzi 10. Shuka kutoka Sumbula kwenda kusini ngumi moja na kidogo, utakuta nyota ya wastani iliyojitenga. Hiyo ni Gamma Hydrae. Endelea kushuka, ukienda kushoto kidogo, karibu nyuzi 8. Hapo ndipo ilipo. Ukikuta pembetatu ndogo ya nyota tatu zilizokaribiana, umepitiliza. Rudi juu kulia kiasi cha vidole viwili. Mwanzoni mwa Mei galaksi inafika kileleni karibu saa 5 na nusu usiku, na kadiri Juni inavyosonga inawahi zaidi.

Tumia lenzi ya kukuza kidogo. Darubini yangu ina urefu wa fokasi wa milimita 1200, na lenzi ya milimita 25 inaipa ukuzaji wa mara 48. Ile ya milimita 10 niliiacha mfukoni mpaka nilipokwisha kuipata galaksi. Kioo nacho kinahitaji kupoa: kitoe nje jua likizama, kiache angalau nusu saa. Kama umesafiri nacho kwenye barabara ya vumbi na matuta, vioo vitakuwa vimesogea, kwa hiyo kabla ya giza kuingia angalia kama vimelingana. Na vumbi likikaa kwenye kioo, liache. Kukifuta kwa kitambaa kunakwangua utando wa alumini, na vumbi kidogo halizuii chochote unachokitafuta.

Kisha zima simu. Jicho linahitaji dakika 20 hadi 30 gizani ndipo lizoee, na kuiwasha mara moja tu kuangalia nani kapiga kunakurudisha mwanzo. Kwa kusomea ramani nilifunga tochi kwa kitambaa chekundu mara kadhaa mpaka mwanga ukawa hafifu kabisa.

Nilipoifikia M83 mara ya kwanza, sikuitambua. Niliipita nikidhani lenzi imeshika unyevu. Ilikuwa kama alama ya pumzi juu ya kioo: weupe wa mviringo, katikati pana nukta yenye mwanga kidogo, pembeni panaishia bila mpaka. Picha ya galaksi hii iliyopigwa na Hubble, darubini iliyoko angani, niliyoibandika ubaoni miaka yote, ina waridi, buluu na michirizi ya vumbi jeusi, na moyo wangu ulikuwa umejiandaa kwa ile. Nilikaa chini nikiwa na huzuni ambayo sikuitegemea. Nawaeleza mapema ili isiwakute bila kujiandaa: jicho la mwanadamu gizani haliwezi kuona rangi za kitu hafifu namna hii. Seli zinazoona rangi zinahitaji mwanga mwingi. Zinazobaki kazini usiku huona kijivu tu. Rangi za picha zinatokana na kukusanya mwanga kwa muda mrefu, na hakuna bei ya darubini itakayokupa ile picha machoni.

Aliyenisaidia kuona ni mzee mmoja jirani wa mjomba, aliyekuja na fimbo yake na blanketi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unatafuta Kilimia? Kilimia kimeshazama tangu mwezi uliopita."

Nikamwambia sitafuti Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho wazee husomea majira, natafuta kitu kilicho mbali kuliko nyota zote anazoziona. Alicheka kidogo, akasogea. Anga lake alilijua kwa majira yake yote, na alikuwa na msemo wa wazee wa pwani mdomoni: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nilimweleza asitazame katikati ya duara, atazame pembeni kidogo huku akili yake ikiwa katikati, kwa sababu pembeni ya jicho ndipo penye seli za usiku kwa wingi. Akanyamaza muda mrefu sana, kuliko ninavyonyamaza mimi. Kisha akasema, "Ipo. Ukiitazama inakimbia, ukiiacha inarudi." Akaendelea: "Upande mmoja imevimba."

Nilirudi kwenye lenzi nikaukuta ule uvimbe. Ulikuwa mwanzo wa mkono. Mzee hakuwahi kuona picha yoyote ya galaksi, hivyo hakuwa akitafuta kitu fulani. Alikuwa anapokea kilichopo. Toka hapo nikabadili namna yangu yote. Nikawa naketi kwenye kigoda badala ya kuinama, nafunika kichwa kwa kitenge cheusi kuzuia mwanga wa pembeni, naitikisa darubini kidogo sana kwa kidole kwa kuwa jicho hunasa kitu hafifu kinachotembea upesi kuliko kilichotulia, na nachora. Kuchora ndiko kunakofundisha. Penseli, karatasi yenye duara, dakika kadhaa za kutazama kwa kila mstari. Usiku wa kwanza wa kuchora nilipata kiini na ukungu. Siku zilizofuata, anga likiwa kavu na limetulia, ukaja mhimili, kisha mkono mmoja ukikunja, kisha, kwa shaka, wa pili. Hakuna kilichobadilika kwenye darubini. Nilikuwa nimejifunza kuona.

Hapo ndipo nilipoanza kuwaelewa wanaastronomia waliotangulia. William Lassell, mwaka 1862, aliielezea M83 kuwa spirali yenye matawi matatu, na wakati huo hakuna aliyekuwa na uhakika kitu hicho ni nini. Ilikuwa nebula tu, wingu. Hadi miaka ya 1920 wasomi walikuwa bado wanabishana kama mawingu hayo ya spirali yamo ndani ya Njia Nyeupe au ni mifumo mingine ya nyota iliyo mbali nje yake. Edwin Hubble alimaliza ubishi kwa nyota za Sefeidi alizozipata ndani ya Andromeda, akianza mwaka 1923, njia ile ile iliyotumika baadaye kwa M83. Lacaille alikufa bila kujua kwamba kiwingu chake kilikuwa na mabilioni ya jua. Nikiwa nimeketi Kondoa nilimwonea huruma, na nilimheshimu zaidi, kwa sababu alikiandika kwa uaminifu bila kujua.

Sasa nawaambia sababu ya kuitazama tena na tena, siyo mara moja tu. M83 ni kiwanda cha nyota, na nyota kubwa huzaliwa na kufa upesi. Supanova sita, yaani nyota zinazolipuka zinapokufa, zimeonekana ndani yake: 1923, 1945, 1950, 1957, 1968 na 1983. Ile ya Julai 1968 iligunduliwa na Jack Bennett wa Pretoria, ambaye hakuwa mwanaastronomia wa kuajiriwa. Alikuwa akiwinda kometi, yaani nyota zenye mkia, kwa darubini yake ndogo, na ili asidanganyike alijitengenezea orodha ya vitu vyote vya anga la kusini vinavyofanana na kometi. Kwa kuvikariri hivyo ndivyo alivyoona kwamba M83 ina nyota isiyokuwepo. Ile ya 1983 iligunduliwa na Robert Evans, mchungaji wa Australia, naye kwa jicho lake kwenye lenzi, naye kwa kukariri. Tangu hapo, zaidi ya miaka 40, galaksi hii haijatoa nyingine tuliyoiona. Leo darubini za mashine zinazunguka anga kila usiku na huenda zitamtangulia mtu. Mimi bado naona kuna thamani kubwa katika kuijua galaksi moja kiasi cha kutambua nyota moja iliyozidi.

Wanafunzi wangu sasa wana mchoro wangu ubaoni kando ya picha ya Hubble. Yule binti alikwishamaliza shule, lakini alikuja na wadogo zake Kondoa mwaka uliofuata, akaiona, akachora ya kwake, na mkono wa pili aliuweka mahali ambapo mimi sikuwa nimeuona. Tulilinganisha na picha asubuhi yake. Alikuwa sahihi.

Ukitaka kuanza kufuatilia, chora kwanza nyota zote ndogo unazoziona mbele ya galaksi. Hizo ni za Njia Nyeupe, hazibadiliki, na ndizo zinazowadanganya wengi kudhani wamegundua kitu. Fanya hivyo usiku tofauti mpaka ramani yako itulie. Siku ukiona nukta ya ziada, linganisha na picha za zamani, itazame tena baada ya saa moja kuhakikisha haijasogea, maana sayari ndogo husogea, kisha mwombe mtu mwingine aitazame bila kumwonyesha ilipo. Andika tarehe, mahali, ukubwa wa darubini, na saa kwa UTC, saa ya kimataifa, ambayo ni saa tatu nyuma ya saa za Afrika Mashariki: saa 3 usiku ya kwetu huandikwa 18:00.